Maji ya Kwanza

Mtaani kwetu hakuna anayemwita wifi yangu kwa jina lake. Ni Mama Pasi kwa wakubwa, Mama Pasi kwa watoto, na hata yule bwana wa kusoma mita, ambaye hakuna anayempenda, naye humwita Mama Pasi. Mimi ndiyo kabisa. Naitwa Wifi wa Mama Pasi, kana kwamba nilitoka tumboni mwa mama yangu nikiwa tayari wifi ya mtu. Nimeshazoea.

Ni mke wa kaka yangu, na kazi yake ni udobi. Ni mfupi, mabega mapana, vidole vyake vimekunjamana ncha wiki nzima na Jumapili hupumzika kidogo. Asiyemjua hudhani ni mkali. Anayemjua hana haja ya kudhani. Ukimletea shati lenye doa la wino halafu ukasema hujui limetoka wapi, atakutazama mpaka ukumbuke.

Anafulia ua wa nyuma, penye bomba moja, mapipa mawili na kamba sita za kuanikia. Kuna meza ndefu aliyoitandika blanketi kuukuu, na juu yake pasi ya mkaa, maana umeme wa kwetu unakuja ukijisikia. Kabla hajaigusisha pasi kwenye nguo huisogeza karibu na shavu, akasikiliza joto lake, kisha huipitisha kwenye kitambaa chenye nta ya mshumaa ili iteleze. Nimejaribu hiyo ya shavu mara moja tu. Alama niliipata, ujuzi sikuupata.

Kwa nguo za watu anajua siri za nusu ya mtaa. Anajua nani kaanza kazi mpya na nani kaachishwa, nani analala sebuleni, nani kanenepa na hataki kukubali. Lakini hasemi. Mimi ambaye mdomo unaniwasha nimemchokoza mara nyingi: "Wifi, hebu niambie, lile koti lina nini mfukoni?" Ananijibu, "Lina mfuko." Yanaishia hapo.

Nilikuja kwake miaka minane iliyopita, ndoa yangu imevunjika, nimebeba sanduku moja na hasira nyingi. Watu walinitisha kwamba wifi na wifi hawakai chungu kimoja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mimi huyu mwanamke alinipa beseni siku ileile, akaniambia, "Soksi ziko hapo, zitakusaidia kulia bila watu kukuuliza." Nikafua soksi na kulia mpaka jua likazama. Tangu hapo sijaondoka.

Sasa nieleze habari ya vitambaa vya kanisa, maana ndiyo habari yenyewe.

Miaka mingi kabla sijaja, kaka yangu, fundi mwashi, alianguka kutoka ghorofa ya tatu baada ya jukwaa la mbao kukatika. Alilala hospitalini miezi mitatu, na mwezi wa kwanza wote hakujitambua. Madaktari walimwambia mkewe ajiandae. Mimi nilikuwa nimeolewa mbali. Nilikuja siku mbili, nikalia kwa sauti kuliko watu wote, nikarudi kwangu. Yeye alibaki. Aliuza kabati, akauza redio, akauza na pasi yake ya kazi. Kisha siku moja kaka akafumbua macho akaomba maji ya kunywa, na baada ya wiki nyingi akarudi nyumbani kwa fimbo, mguu mmoja ukiburuta.

Jumapili iliyofuata kanisani ilikuwa siku ya kutoa shukrani. Watu walikwenda mbele na vyao: huyu bahasha, huyu gunia, yule kuku anayegombana na mwenyewe. Wifi yangu alikaa kwenye benchi mikono mitupu. Watu husema kutoa ni moyo, si utajiri. Nimechunguza, wengi wanaosema hivyo ni wale wasiotaka kutoa. Yeye hakusema. Alisubiri ibada iishe akamfuata mzee wa kanisa anayetunza vyombo.

"Mzee, nipe kitambaa cha meza ya Bwana. Na vile vidogo vya kufutia vikombe. Nitavifua."

"Mama, vina mtu wa kuvifua, tunamlipa."

"Huyo mpeni kazi nyingine, mumlipe kwa hiyo. Hivi nipeni mimi. Sina kitu, mzee, lakini Mungu amenirudishia mume na mimi bado nina mikono."

Mzee akampa. Hiyo ni miaka kumi na tisa sasa, na hajakosa Jumamosi hata moja, hata zile za uchungu wa kuzaa. Kitindamimba wake amezaliwa Jumamosi jioni, vitambaa vikiwa vimeshaanuliwa.

Na ana sheria yake. Jumamosi, vitambaa vya kanisa hupata maji ya kwanza. Haiguswi nguo ya mtu yeyote kabla ya hivyo, si ya bwana harusi, si ya mkuu wa shule, si ya kwake. Anatumia sabuni ya mche isiyo na marashi, anasuuza mara tatu, na muda wote huo hazungumzi na mtu. Nguo za wateja anazifua huku anaamkiana na barabara nzima. Vile anavifua kimya, na ukimsemesha anakunyooshea kidole chenye povu usubiri.

Niseme ukweli, mimi niliona ni maringo ya kidini. Siku moja nikamwambia, "Wifi, Mungu hana pua ya kunusa maji ya kwanza na ya pili."

"Chai ikiiva hapa nyumbani, kikombe cha kwanza unampa nani?" akaniuliza.

"Kaka."

"Kwa nini usimpe cha mwisho? Si chai ileile?"

Nikarudi kwenye soksi zangu. Si kwamba nilikubali; kushindwa na kukubali, kwangu, ni mambo mawili tofauti.

Mwaka jana tukapata mteja mkubwa, nyumba ya wageni iliyo karibu na kituo cha mabasi. Kila Jumamosi asubuhi mashuka ishirini na foronya zake, wifi aliahidi kuyarudisha jioni, na hakuchelewa. Mteja yule ndiye aliyekuwa anatulipia kodi ya nyumba na dawa za mguu wa kaka. Meneja wake alikuwa kijana mwenye haraka, shati limechomekewa mpaka kwenye roho. Alituambia tangu mwanzo: "Mkichelewa mara moja tu, napeleka kwa wenye mashine."

Ukaja msimu wa ukame. Bomba letu, ambalo hata nyakati nzuri hutoa maji Ijumaa jioni tu, likawa linakohoa kuliko kutoa. Ijumaa hiyo ninayoisema tulikinga mpaka giza likaingia, tukapata pipa moja, na lenyewe halikufika mdomoni. Bwana wa mkokoteni wa maji akatuambia kwamba Jumamosi hatafika kabla ya saa tisa alasiri, kwa sababu kisima anachochota kina foleni ya kukatisha tamaa.

Jumamosi alfajiri wifi alitakiwa kumpeleka kaka kliniki. Mzee wa kanisa, ambaye huleta vitambaa Ijumaa, alikuwa amepata pancha ya baiskeli, akatuma ujumbe kwamba atavileta asubuhi. Wifi akajifunga kitenge, akaniambia mlangoni, "Maji usiyaguse mpaka vitambaa vifike. Nikirudi tutaanza navyo, mashuka yafuate, na maji yatatosha kwa shida shida mpaka mkokoteni uje."

"Nenda salama, wifi," nikasema. Na nilikuwa nimesikia vizuri kabisa.

Saa moja meneja akaja mwenyewe na mashuka. Akasimama uani akitazama saa. Wageni wa mkutano wanaingia saa saba mchana, akasema, vyumba vyote vimejaa. "Saa sita mtaweza?"

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Miaka minane nimekuwa wifi wa fulani, na huyu alikuwa ananiuliza mimi. "Saa sita?" nikamwambia. "Hata kabla."

Akaondoka ametabasamu. Nikabaki na mashuka ishirini, pipa moja, na agizo la wifi. Nikapiga hesabu ya maji: ya kulowekea, ya kufulia, ya kusuuza kwanza na ya kusuuza mwisho. Yangetosha kwa mashuka hadi tone la mwisho, yasingetosha kwa kitu kingine. Nikasema moyoni, vitambaa havijafika, mimi nifanyeje? Nikaanza.

Mzee wa kanisa akafika saa tatu na mfuko wake, akaniamkia kwa heshima zote, akaenda zake. Ningeweza kuviweka kando. Lakini nilitaka wifi akirudi akute kazi imekwisha, asiwe na la kuuliza. Nikakitumbukiza kitambaa cha meza na vile vidogo vinne katika povu la mashuka ya wageni, nikavisugua, nikavisuuza katika maji ambayo mashuka yalikuwa yameshapita. Maji ni maji. Vikatoka vyeupe, navyo nikavianika kamba ya mwisho, na hata nikajipongeza.

Saa nne wakarudi. Kaka akaketi kwenye benchi lake, akanyoosha mguu. Wifi akatazama mashuka yaliyorundikwa kwenye mabeseni yakingoja kusuuzwa mara ya mwisho. Akatazama pipa, limebaki nusu. Kisha akaenda moja kwa moja kamba ya mwisho, akakishika kitambaa cha meza, akakipeleka puani.

"Kinanuka mafuta ya nywele," akasema.

Nikaanza kueleza. Nilieleza meneja, wageni wa mkutano, saa sita, kodi, dawa, ukame. Nilieleza vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Akakianua kitambaa, akavianua na vile vidogo, akachukua beseni safi.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nafua."

"Ukichukua maji hayo mashuka manane yatakosa kusuuzwa. Yatabaki na sabuni, ukiyapiga pasi yatakuwa ya njano. Saa sita itatukuta hapa!"

"Saa sita sikuahidi mimi. Mimi nilimwahidi jioni, na jioni atayapata yote."

"Yule mtu atatuacha! Vitambaa vyenyewe ni vyeupe, hakuna mtu hata mmoja kanisani atakayejua!"

"Mimi nimeshajua."

Nikamgeukia kaka. "Kaka, mwambie mkeo."

Kaka akakuna kidevu. "Wakati Mungu anamrudishia mume, mimi nilikuwa nimelala, sijitambui," akasema. "Mambo ya watu wawili yaliyofanyika nimelala, nitaingiliaje?"

Wifi akachota beseni la kwanza. Maji yakishamwagika hayazoleki, nami nilisimama pale nikiyatazama yakimwagika: beseni la kufulia, kisha la kusuuza, la pili, la tatu. Alifua kama afuavyo siku zote, bila haraka na bila neno, na mimi nilikuwa nalia kwa hasira, sabuni imenijaa machoni. Alipomaliza kuanika akanigeukia. "Haya. Tusuuze haya kumi na mawili, tuyawahi."

Tuliyasuuza, tukayakamua, yakakauka upesi kwa jua lile, tukayapiga pasi watu wawili kwa pasi mbili, moja ya kuazima kwa jirani. Saa sita kasoro tulikuwa mlangoni kwa meneja na mashuka kumi na mawili, na juu yake wifi alikuwa ameongeza mashuka yake mawili, ya sandukuni, yale ambayo hata kaka hajawahi kuyalalia.

Meneja akayahesabu. "Mliniambia yote."

Nikafumbua mdomo. Wifi akaniwahi. "Tumekosea," akasema. "Tulikuahidi saa ambayo hatukuwa na maji yake. Manane yaliyobaki nitakuletea jioni kama tulivyozoea. Haya mawili ni ya kwangu, yatumie, yatakusaidia chumba kimoja." Tumekosea, alisema, tulikuahidi. Kosa lilikuwa langu peke yangu na yeye alilibeba kwa wingi.

Meneja hakufoka. Alisema jioni tulete na yaliyobaki, tuchukue hesabu yetu, na Jumamosi ijayo tusisubiri mzigo. Msinisubiri niseme kwamba baadaye alirudi analia. Hakurudi. Wenye mashine wanafulia mpaka leo, na sisi miezi ile tulikula mlo mmoja na nusu, tukafua hata mapazia ya watu wasiolipa kwa wakati ili tu mikono isikae bure. Kaka alibadilishiwa dawa, akapewa za bei nafuu, zenye uchungu zaidi, akazinywa akitutania.

Njiani kurudi nilimwambia wifi maneno ambayo sitayaandika. Kiini chake kilikuwa kwamba ametunyang'anya chakula kwa ajili ya kitambaa. Tulipofika akatia mkaa kwenye pasi, akaisogeza shavuni, akaanza kunyoosha kitambaa cha meza kutoka katikati kwenda pembeni, na nikamsikia anaimba taratibu. Mtu amepoteza mteja mkubwa kuliko wote, naye anaimba. Nikaingia ndani nikafunga mlango kwa kishindo.

Jumapili nikaenda kanisani. Mimi si mwendaji sana, wala siku hiyo sikwenda kuabudu. Nilikwenda kuona kama kuna mtu atakayekitazama kile kitambaa. Nikakaa na wifi na kaka benchi la nyuma, mikono nimefumbata.

Hakuna aliyekitazama. Kilitandikwa mezani, cheupe, pembe zake nne zimeshuka sawasawa, na mchungaji akaweka juu yake kitabu, miwani, na kikombe cha maji ya kunywa, akaendelea na kazi yake. Mama mmoja mbele yetu alisinzia. Mzee wa kanisa alitoa matangazo marefu, akashukuru waliopaka rangi mlango, akashukuru waliokodi viti, wa kumshukuru kwa vitambaa hakumtaja. Nilimgusa wifi kiwiko. "Umeona?" nikamnong'oneza. Alikuwa ananyoosha shingo akitazama mbele, na mimi nikadhani anatazama kazi yake.

Ukafika wakati wa sadaka. Watu wakatoka benchi moja moja. Kaka akainuka, akashika fimbo, na kwa mkono mwingine sadaka yetu ya nyumba. Nikataka kumshika, wifi akanizuia. "Mwache," akasema. "Hii huwa anakwenda mwenyewe."

Akaenda. Ni hatua chache kwa mtu mzima, kwake ni safari. Fimbo, mguu, halafu ule unaoburuta. Watu wakampisha. Akafika mbele, akaweka sadaka, na ili aweze kugeuka akahitaji pa kujishikiza, akaegemeza kiganja chote juu ya meza. Kile kitambaa kikajikunja chini ya mkono wake, mikunjo mikubwa, mtu aliyepiga pasi akiona anaweza kuugua.

Nikamtazama wifi nikitegemea atashtuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na anatabasamu, na midomo inasema kitu kisichosikika. Hakuwa anatazama kitambaa. Labda hajawahi kukitazama katika miaka yote hiyo kumi na tisa. Alikuwa anamtazama yule mtu aliyesimama.

Na yule mtu ni kaka yangu. Tumezaliwa tumbo moja, tumelala mkeka mmoja, alinifundisha kuogelea na kudanganya. Aliporudi kutoka kufani niliambiwa kwa simu, nikasema "Mungu mkubwa," nikaendelea kupika. Asiyekuwa damu yake amemshukuru Mungu kwa ajili yake kila Jumamosi, na mimi, dada yake, ndiye niliyemnyima maji ya kushukuria.

Na mimi nikaanza kulia. Kaka akarudi, akaketi kati yetu akihema, akaona tunalia wote wawili. "Kwani mahubiri yalikuwa mazuri hivyo?" akauliza. "Mimi yalinipita."

Jumamosi iliyofuata mzee wa kanisa alileta vitambaa mapema. Nilimkuta wifi uani anakunja mikono ya blauzi, beseni safi liko mbele yake. Nilisimama pale nikatafuta maneno mazuri, nami maneno si kitu kinachonipiga chenga kwa kawaida.

"Wifi," nikasema, "na mimi yule ni kaka yangu. Nipe kitu nifue."

Kitambaa cha meza hakunipa, na mpaka leo hajanipa. Alinipa viwili kati ya vile vidogo, akasogea kwenye benchi ili nipate nafasi. Nikavifua kimya. Jirani alipita akaniamkia, nikamnyooshea kidole chenye povu. Nikasuuza mara tatu, nikampa avikague. Alivinyanyua juani, akavigeuza, akavipeleka puani kimoja kimoja. Kimoja akakianika. Kingine akanirudishia.

"Hiki rudia," akasema.

Nikarudia, wala sikununa.